Chaneli za WhatsApp: pata taarifa bila kugawa namba yako

Mkulima wa Dodoma ana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Akipanda kwa taarifa potofu, hana msimu wa pili wa kufidia. Ndiyo maana sisi tunaotoa elimu ya TEHAMA vijijini tunaumia kuona, Oktoba ikifika, utabiri wa hali ya hewa wa miaka iliyopita ukianza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Umeshafowadiwa mara nyingi, tarehe imekatwa, na aliyeutuma hajui ulikotoka.

Suluhisho moja limo ndani ya WhatsApp hiyo hiyo: chaneli. Zilitangazwa Juni 2023 zikaanzia Colombia na Singapore, na Septemba mwaka huo zikafunguliwa katika nchi zaidi ya 150. Hata hivyo, watu wengi tunaokutana nao huziona kila siku wanapoangalia stetasi, kisha wanazipita. Wengine wanadhani ni grupu lingine tu la kuwajazia simu.

Chaneli siyo grupu. Grupu moja linaweza kubeba hadi watu 1,024, na kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Kwenye chaneli, anayetoa matangazo ni admini. Wewe unafuata, unasoma, unaweza kuweka emoji, kupiga kura akiuliza swali, au kumtumia mwingine tangazo. Mama mmoja mkulima wa zabibu kule Hombolo alituuliza kabla ya kugusa kitufe: "Mwanangu, nikishafuata hapa, hao wengine si wataiona namba yangu?" Hapana, mama. Wafuasi wenzako hawaioni, na admini naye haoneshwi. Atakutambua tu kama tayari alikuwa ameihifadhi namba yako kwenye simu yake.

Swali lake lilikuwa la msingi kuliko yote tuliyoulizwa siku hiyo. Namba ikishakuwa mikononi mwa watu elfu moja usiowajua, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hazichelewi. Tena kuna jambo zito zaidi ya hilo. Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/23 na wakulima kuandikishwa, tumekuta kwenye baadhi ya magrupu picha za madaftari: jina kamili la mkulima, namba ya simu, namba ya NIDA, ukubwa wa shamba, vyote mstari mmoja. Aliyeipiga picha alitaka kurahisisha kazi. Lakini ukurasa ule unampa tapeli kila anachohitaji ili ampigie mkulima na kujifanya afisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazilinda taarifa za namna hiyo, na viongozi wa vijiji na vyama vya ushirika wanapaswa kuijua.

Kuzipata chaneli si kazi. Fungua sehemu unayoangalizia stetasi, shuka chini, utaona pa kutafuta kwa jina. Ukishafuata, simu haitakupigia kelele, kwa sababu chaneli huja zikiwa kimya. Kama kuna moja usiyotaka ikupite, mfano ya hali ya hewa, ifungue uguse alama ya kengele. Matangazo hukaa siku 30 tu, kwa hiyo ratiba au bei unayoihitaji ihifadhi mapema. Na kwa wenye bando la kubana: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Kuna chaneli zinazotuma video kutwa nzima, na bando la wiki linaweza kuisha kwa siku mbili.

Sasa upande wenye hatari. Ukuta unaoificha namba yako ndio huo huo unaokuzuia kuwaonya wenzako. Kwenye grupu, mtu akileta uongo kuna atakayejibu, "Jamani, hiyo si kweli." Kwenye chaneli kimsingi hakuna sauti hiyo, tapeli anaongea peke yake. Vijana wanaotafuta kazi hapa makao makuu ya nchi wanalengwa sana, kwa chaneli zenye nembo ya serikali zinazoomba hela ya fomu au ya "kuwekwa kwenye orodha". Maombi ya kazi za serikali kupitia Ajira Portal hayalipiwi. Anayekudai hata shilingi elfu tano anakuibia.

Wingi wa wafuasi usikudanganye. Angalia tiki ya uthibitisho pembeni ya jina, na kama haipo usihukumu haraka, maana chaneli ya zahanati au ya kata inaweza kuwa halali bila tiki. Kilicho bora ni kuichukua linki kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, au kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji. Usiichukue kwa mtu aliyeifowadi.

Ofisi na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zinazofikiria kufungua chaneli, tunawahimiza mfungue. Inafaa sana kwa tarehe za kliniki ya watoto, siku ya kupokea mbegu, bei ya zabibu ya msimu huu. Mkikosea bei mnaweza kulisahihisha tangazo ndani ya siku 30, na mnaweza kuwa na admini zaidi ya mmoja ili kazi isisimame mtu akisafiri. Ila kumbukeni kwamba matangazo ya chaneli hayafungwi kwa siri kama meseji za mtu na mtu. Orodha za majina na namba za NIDA zisiwekwe huko kabisa, na majadiliano ya wanachama yabaki kwenye grupu lao.

Ukikuta chaneli ya kitapeli, gusa jina lake juu, shuka hadi chini, uiripoti WhatsApp. Kama tapeli amekupigia au kukutumia meseji ya kawaida, itume meseji hiyo pamoja na namba yake kwenda 15040, bila malipo, kisha umwambie na jirani.