Mfereji wa shingo: milimita zinasema nini?

Shikamoo daktari. Nashona kofia hapa Langoni, Lamu. Sindano inaniponyoka na vidole vinafanya ganzi. Nilipopigwa eksirei niliambiwa mfereji wa shingo ni mwembamba. Mfereji gani huo?

Marahaba. Shingo ina pingili saba, kila moja na tundu lake. Zikipangana, matundu hayo hufanya mfereji, na humo hupita ugwe mgongo unaochukua amri za ubongo hadi vidoleni. Vichochoro vya Mkomani unavijua: punda akija na mizigo miwili ubavuni, nawe hujibanza ukutani. Ukuta wenyewe ukivimba, pa kujibanza hapapo. Uzeeni diski, vile vibao laini baina ya pingili, hutokeza, mfupa huota vinundu, kano hunenepa.

Hupimwaje?

Kwa eksirei ya ubavuni, kutoka nyuma ya pingili hadi mfupa unaofunga mfereji kwa nyuma. Kuanzia pingili ya tatu kushuka, mtu mzima huwa na kama milimita 17 au 18. Chini ya 13 ni mwembamba. Chini ya 10, mwembamba sana.

Ila picha hukuza: shingo ikiwa mbali na sahani ya picha, kila kitu huonekana kikubwa. Ndiyo maana wengine hugawanya upana wa mfereji kwa upana wa pingili yenyewe, maana vyote viwili vimekuzwa sawasawa. Ikitoka 1 au karibu yake, vyema. Chini ya 0.8 hutia shaka. Mimi hesabu hiyo siitegemei sana kwa mchukuzi wa gatini mwenye miraba minne. Pingili zake ni nene, basi jibu hushuka hata kama mfereji wake ni mpana.

Mimi nina 12. Nitapooza?

Si lazima. Wapo wenye 12 wasiojua kabisa. Eksirei huonyesha mfupa tu; ugwe ukibanwa huonekana kwa MRI, picha ya mashine ya sumaku. Lakini wewe una dalili, na hizo zina uzito kuliko namba. Ukianza kushindwa na vifungo vya kanzu, kuyumba kama uliyeshuka mashuani sasa hivi, au mkojo kukusumbua, usingoje. Na shingo usimpe mtu aialishe, yaani aipinde mpaka ilie.

Ukienda kliniki, chukua kofia na sindano. Shona mbele ya daktari, umwonyeshe ni kitundu gani kinachokushinda, na tangu lini.