Kazi ya ujenzi wa halmashauri huanza mvua ikinyesha

Huku kusini mwa Tanzania tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huishia Aprili au Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Malori ya korosho nayo huanza kubeba mzigo kutoka vijijini kwenda maghala makuu mwezi Oktoba. Anayetaka kuelewa kwa nini barabara ya kijijini kwake ilichongwa Novemba ikaondoka na maji Januari, aanze na tarehe hizo. Kati ya Julai na Oktoba kuna miezi mitatu hivi ambayo mwaka mpya wa fedha umefunguliwa, ardhi ni kavu na magari mazito bado hayajaingia. Uongozi wa kazi za ujenzi katika halmashauri za Lindi na Mtwara, kwa sehemu kubwa, ni kujua namna ya kutopoteza miezi hiyo.

Naandika kama mhandisi, na ninawaandikia wananchi, wenyeviti wa vijiji, madiwani, na wahandisi vijana wanaokabidhiwa ofisi kwa mara ya kwanza.

Kwanza tuelewane nani anashika nini, maana malalamiko mengi hupelekwa kwenye mlango usiohusika. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zilikuwa mikononi mwa idara za ujenzi za halmashauri hadi mwaka 2017, ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Maji vijijini yana wakala wake, RUWASA, tangu mwaka 2019. Mhandisi wa halmashauri amebaki na majengo, yaani madarasa, zahanati, vituo vya afya, nyumba za watumishi, masoko na stendi. Amebaki pia na vibali vya ujenzi, na ushauri kwa kila kijiji kinachojenga kwa nguvu zake.

Mgawanyo huu una faida zake, lakini umeleta kazi mpya ya uongozi ambayo haimo kwenye mchoro wowote. Meneja wa TARURA wa wilaya hawajibiki kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na mkuu wa ujenzi wa halmashauri hana greda. Wasipokaa meza moja, kituo cha afya kitakamilika huku kalavati la kuingilia, yaani njia ya maji chini ya barabara, halijawekwa, na gari la wagonjwa litasimama ng'ambo ya korongo. Mkuu wa idara anayejua kazi yake hasubiri kikao cha robo mwaka. Anabeba orodha ya majengo yatakayojengwa na kumwendea mwenzake mapema, wakati vipaumbele vya barabara bado havijafungwa.

Na vipaumbele hufungwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Kijiji huibua mahitaji yake kwenye mkutano mkuu, yakaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani, mkoani, TAMISEMI, na hatimaye Bungeni. Bajeti inayopitishwa Juni imeandaliwa miezi mingi kabla. Anayesimama Septemba kudai kalavati anadai jambo ambalo kwa njia ya kawaida litaingia mwaka unaofuata.

Kwa hiyo ukaguzi wenye thamani kuliko wote ni ule unaofanyika Januari, Februari na Machi, mvua ikinyesha. Wakati wa kiangazi barabara zote zinafanana: vumbi na mashimo. Mvua ikishuka ndipo maji yanapoonyesha yanakotoka, yanakosimama na yanakovukia. Mhandisi aliyevaa buti na kusimama kwenye mvua kwa nusu saa anaondoka na taarifa ambayo hakuna kipimo cha kiangazi kitakachompa. Anaweka alama pale maji yanapovuka barabara, anapima yalipofika, anamuuliza mwenye shamba la jirani kama mwaka jana yalipanda zaidi ya hapo. Wazee wanaokaa karibu na vivuko wanayajua mafuriko ya miaka mingi, na wakiulizwa kwa heshima wanasema. Hapo ndipo inapoamuliwa kama panahitajika kalavati la bomba, kalavati la boksi, au drifti ya zege ambayo maji yanaruhusiwa kupita juu yake kwa saa chache. Drifti ina gharama ndogo kuliko daraja na kwenye mabonde mengi ya Nachingwea na Liwale ndiyo jibu sahihi, ingawa wananchi wengi wakiiona huhisi wamepunjwa.

Adui wa barabara ya changarawe ni maji yaliyokosa njia. Barabara lazima iwe na mgongo. Kwa barabara ya upana wa mita 6, katikati panatakiwa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 12 hadi 18. Pungufu ya hapo maji hayashuki, hutulia kwenye alama za matairi, yakalainisha udongo, na gari la kwanza linatoboa shimo. Greda linapopita mara moja na kuondoka, likiacha barabara bapa au iliyobonyea katikati, limeacha mtaro, hata kama siku hiyo dereva wa bodaboda anaifurahia. Mwananchi anaweza kulikagua hili kwa kamba na rula. Kamba ivutwe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo juu ya mgongo, halafu pimeni pembeni kuna nafasi kiasi gani.

Baada ya mgongo ni mitaro ya pembeni, na baada ya mitaro ni matoleo, yaani vijitaro vinavyoyatoa maji barabarani kwenda porini au shambani. Hapa ndipo uhandisi unapogusa maisha ya watu. Huku kwetu nje ya barabara ni mikorosho, na mwenye mikorosho hataki maji ya barabara yote yaje kwake. Usiku anaziba toleo kwa magunia ya mchanga. Simlaumu, maana mara nyingi toleo lile limechongwa bila kumuuliza, tena limekusanya maji ya mita mia kadhaa na kuyamwaga mahali pamoja. Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako udongo ni mchanga, maji mengi yaliyokusanywa pamoja huchimba korongo kwa misimu michache, na korongo hilo hurudi nyuma mpaka kuila barabara yenyewe. Dawa ni matoleo mengi madogo yaliyo karibu karibu, kila moja likitoa maji kidogo yasiyo na nguvu, na mahali pa kila toleo pakubaliwe na mwenye shamba mbele ya mwenyekiti wa kijiji kabla greda halijafika. Siku mbili za mazungumzo ya namna hii zinaokoa kazi ya msimu mzima. Mkuu wa idara anayeziona kuwa ni za kupoteza muda atarudi palepale kila mwaka.

Kuna ugumu mwingine wa uwanda ule ambao watu wa pwani hawaufikirii. Changarawe iliyomwagwa ikiwa kavu na kupitiwa na rola haishindiliki. Inahitaji unyevu wa kiasi maalumu ili punje zishikane. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, mvua huzama mchangani, na maji ya matumizi ya nyumbani yenyewe yamekuwa shida ya miaka nenda rudi. Kazi ya barabara huko inahitaji magari ya maji ya kutoka mbali, na changarawe nzuri nayo mara nyingi hubebwa mbali. Gharama hiyo isipoandikwa kwenye makadirio tangu mwanzo, mkandarasi atashindilia vumbi, na mvua ya kwanza italichukua. Mhandisi anayekadiria Tandahimba kwa bei za Lindi mjini amekwisha kuiharibu kazi kabla haijaanza.

Halafu malori. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika jimboni Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Mzigo kwenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara kumi na sita. Matokeo hayo yalitoka kwenye barabara za lami na zege, lakini kanuni yenyewe ndiyo inayoongoza wahandisi mpaka leo, na changarawe iliyolowa ni dhaifu zaidi. Lori moja lililozidisha korosho linaweza kuichosha barabara ya kijiji kuliko magari madogo ya mwezi mzima. Kwa hiyo mkuu wa ujenzi na meneja wa TARURA wanapaswa kujua ratiba ya minada na yalipo maghala ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na kuanza matengenezo kwa njia zile ambazo mzigo utapita. Vibao vya ukomo wa tani viwekwe kabla ya Oktoba, na viongozi wa vyama vya msingi washirikishwe kuvisimamia, maana barabara ikikatika korosho ni zao.

Sehemu ya fedha za barabara za TARURA hutoka Mfuko wa Barabara, ambao hugawa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa TARURA, na tangu bajeti ya 2021/22 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi. Hazitoshi kila kitu. Ndiyo maana kuchagua ni sehemu ya kazi, na mkuu asiyeweza kusimama mbele ya diwani akaeleza kwa nini kata hii imetangulia na ile imesubiri, ataishia kugawa kilomita moja moja kila kata, na kazi isiyofika popote.

Ununuzi wote wa umma sasa unapita mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mfumo hauna huruma na nyaraka pungufu. Ofisi inayotaka kuwa kazini Agosti inapaswa kumaliza michoro, makadirio na nyaraka za zabuni kabla ya Julai, wakati mvua zinaisha.

Kwenye majengo, kazi nyingi za shule na zahanati hufanywa kwa mafundi wa maeneo husika, zikisimamiwa na kamati za jamii za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi ya vifaa. Wakati wa mpango wa madarasa 15,000 wa mwaka 2021, kila darasa likiwa na shilingi milioni 20, utaratibu huu ulionyesha kwamba vijiji vinaweza kujenga haraka. Lakini haraka bila mhandisi ni hatari. Zipo hatua ambazo fundi hapaswi kuzipita bila mhandisi au fundi sanifu kuona na kusaini: mitaro ya msingi kabla ya zege, nondo za renta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla ya kufunikwa, na mbao za paa kabla ya bati. Saiti zikiwa nyingi na gari ni moja, kama ilivyo Liwale na Kilwa ambako umbali ni mkubwa, mkuu wa idara apange saiti za upande mmoja zifike hatua ileile wiki ileile, ili safari moja ikague nyingi. Vinginevyo fundi atasubiri siku tatu, atachoka, atamwaga zege.

Zege lenyewe linahitaji kumwagiliwa maji angalau siku 7. Kijiji kinachonunua maji kwa ndoo kitaona ni anasa, kwa hiyo fedha ya maji ya kumwagilia iandikwe kwenye mchanganuo kama ilivyoandikwa saruji. Fundi asiongeze maji kwenye mchanganyiko ili ulainike. Maji ya ziada hupunguza nguvu ya zege. Na kwa ndugu zangu wa Mikindani, Lindi na Kilwa, mchanga wa ufukweni usitumike kwenye zege lenye nondo hata kama uko mita hamsini kutoka saiti. Chumvi yake inaozesha chuma kwa ndani. Kwa miaka michache hutaona kitu, kisha zege litapasuka kufuata mstari wa nondo na kuanguka vipande juu ya vichwa vya watoto. Karibu na bahari, zege linalofunika nondo nalo liwe nene, milimita 40 hadi 50, siyo nondo inayochungulia nje ya zege.

Majanga lazima yawe na nafasi yake kwenye mpango. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari ya abiria na mizigo yakakwama. Njia nyingine ya lami ya kutoka huku ni kupitia Masasi, Tunduru na Songea, mzunguko mrefu sana. Kila ofisi ya ujenzi huku inapaswa kuingia Desemba ikiwa na mabomba ya kalavati ya akiba, nyavu za gabioni za kujazwa mawe, orodha ya wenye mitambo waliokubali kuitwa usiku, na saruji ya kazi za dharura iliyokwisha kufika.

La mwisho ni makabidhiano. Mkataba wa kazi za umma kwa kawaida huwa na muda wa matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12, ambapo sehemu ya malipo hushikiliwa na mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Kazi iliyokamilika Oktoba ikiwa na matazamio ya miezi 6 inafikia ukomo Aprili. Kwa hiyo ukaguzi wa kasoro ufanyike Machi, mvua zikiwa zimekwisha kuijaribu, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wakiwepo, na kila kasoro iandikwe kwa mahali pake na kusainiwa. Serikali za vijiji ziulize tarehe hiyo siku mkandarasi anapotambulishwa, ziiandike kwenye kitabu cha mihtasari, na ziisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi 3. Fedha iliyoshikiliwa ikishalipwa, kasoro zote zilizobaki zitatengenezwa na bajeti ya mwaka mwingine.