Trei ya maji ya bahari: ninavyopanga wiki ya Gredi ya 5

Ratiba ya Gredi ya 4 hadi ya 6 ina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Kiingereza na Hisabati vitano vitano. Kiswahili, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe vinne vinne. Sayansi za Jamii na Elimu ya Dini vitatu vitatu. Sanaa Bunifu sita. Kimoja cha malezi. Kwenye karatasi ni vipindi saba kwa siku. Lakini hapa Mombasa Ijumaa si siku nzima. Wanafunzi Waislamu huondoka adhuhuri kwenda kuswali, na mada mpya ikianzishwa karibu na saa hiyo sehemu kubwa ya darasa huikosa. Kwa hiyo wiki yangu naipanga kutoka Alhamisi kurudi nyuma: jambo kubwa lazima liwe limekwisha Alhamisi, na Ijumaa ibaki ya kusahihisha, kurudia na kuhifadhi kazi.

Tatizo ninaloliona sana kwenye maazimio ya kazi, yaani mipango ya masomo ya muhula, ni kuipa kila mada ndogo zoezi lake la vitendo. Jumatatu mwalimu anatafuta vifuniko vya chupa kwa ajili ya Hisabati, Jumanne udongo wa Kilimo, Jumatano rangi za Sanaa, na hakuna zoezi linalofika mwisho. Naona ni heri kazi moja ya vitendo inayodumu siku nne, masomo manne yapite ndani yake, na vipindi vingine vibaki vya kitabu na ubao kama kawaida. Muhula wa kwanza, kaskazi inapovuma na jua linawaka tangu asubuhi, kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni kukausha maji ya bahari mpaka yaache chumvi.

Chukua darasa la wanafunzi 54, vikundi tisa vya watoto sita. Kila kikundi kinahitaji mililita 300 za maji, jumla lita 2.7, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 5 unatosha na ziada. Maji yachotwe ufuo ulio wazi, kama Nyali, wakati maji yamejaa. Usichote hori la Tudor, ambako majitaka ya mjini huingia. Yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, maana mchanga ukibaki utapimwa kama chumvi siku ya Alhamisi. Trei ziwe za plastiki, nyeusi zikipatikana, kwa sababu rangi nyeusi hushika joto. Bati la kuokea hupata kutu na chumvi hutoka ya kahawia. Aluminiamu nayo huliwa na maji ya chumvi ikatoboka vitundu vidogo.

Ukubwa wa trei ndio unaobeba Hisabati ya wiki nzima. Tafuta yenye sentimita 20 kwa 15 upande wa ndani, kitako kikiwa bapa. Eneo lake ni sentimita mraba 300, na mililita 300 zikimiminwa humo husimama kina cha sentimita 1 kamili. Mtoto anayekariri kwamba ujazo ni urefu mara upana mara kimo anauona ujazo huo umelala mbele yake. Kikundi kimoja kipe trei yenye ukubwa tofauti kwa makusudi, kisha waulize wenzao kwa nini maji yaleyale yamesimama kina kingine.

Jumatatu ndiyo siku ya kutokimbia. Kabla ya maji kuingia, kila trei ipimwe ikiwa tupu kwenye mizani ya jikoni, uzito uandikwe kwenye utepe na ubandikwe ubavuni. Kikundi kinachoruka hatua hii hakitajua Alhamisi chumvi ni gramu ngapi. Maji yapimwe kwa kikombe chenye alama. Watoto hupenda kutumia chupa ya soda ya mililita 300, lakini chupa hiyo ikijazwa hadi mdomoni hushika zaidi ya 300, na kosa linawafuata hadi mwisho. Kisha pima trei ikiwa na maji. Wengi watatarajia maji yawe gramu 300, kwa sababu wameshajifunza kwamba mililita moja ya maji ni gramu moja. Wakitoa uzito wa trei tupu, watapata kama 307. Waache wabishane kidogo: chumvi iliyoyeyuka ina uzito wake, ndiyo maana maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba.

Sasa kina. Rula ya shule haianzi sifuri ukingoni. Ina milimita kadhaa tupu kabla ya alama ya kwanza. Mtoto akiisimamisha ndani ya maji yenye kina cha milimita 10 anasoma 6 au 7, na hata hajui amekosea wapi. Kifaa kinachofaa ni njiti ya chelewa kutoka kwenye ufagio. Ikate ncha iwe bapa, ilaze kando ya rula, alama ya sifuri ikilingana na ncha hiyo, kisha chora mistari ya milimita kwa biro hadi 15. Wino wa biro hauyeyuki majini. Njiti inasimamishwa wima katikati ya trei, inatolewa, na panaposomwa ni pale ulowevu ulipoishia. Wakitumbukiza pembeni, trei iliyobonyea kidogo itawapa jibu lingine.

Vipimo ni sita kwa wiki: Jumatatu asubuhi, Jumatatu alasiri, Jumanne asubuhi, Jumanne alasiri, Jumatano alasiri, Alhamisi asubuhi. Nimeweka sita kwa sababu kikundi kina watoto sita, na kila mmoja hupima mara moja kwa mkono wake. Bila mpangilio huo, yule mwepesi hupima siku zote na wenzake hunakili. Nami hupata nafasi ya kumtazama kila mtoto akifanya kazi, ili tathmini yake iwe yake. Kuwapa watoto sita wa kikundi kiwango kimoja cha kufikia matarajio kwa sababu trei yao imekauka vizuri ni kuwadhulumu, hasa yule ambaye bado hajui kusoma milimita.

Trei hukaa juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, kisha huingizwa darasani. Ziwekwe juu ya meza, si chini, na zifunikwe chandarua kilichovutwa ili kisiguse maji. Kunguru wa mji huu hawaachi kitu kilichoachwa wazi. Wataipindua trei kwa kutafuta tu kilichomo. Jua likiwa kali, maji hushuka milimita tatu au nne kwa siku ya shule. Tofauti kati ya Jumatatu alasiri na Jumanne asubuhi itakuwa ndogo sana, na hilo ndilo swali zuri la Sayansi siku hiyo: kwa nini usiku maji hayakupungua?

Kwenye Hisabati ya Jumanne na Jumatano namba za trei hutumika kwa desimali. Hapo ndipo kosa kubwa la Gredi ya 5 hujitokeza lenyewe. Kikundi kimoja kimeandika maji yake kilo 0.307, kingine kilo 0.31. Uliza yapi mazito, na mikono mingi itachagua 0.307, kwa sababu ina tarakimu nyingi, au kwa sababu 307 ni kubwa kuliko 31. Wanasoma sehemu ya desimali kama namba nzima. Kuwaambia kanuni hakusaidii sana. Chora jedwali lenye nafasi za sehemu ya kumi, ya mia na ya elfu, waandike zote mbili humo, kisha wajaze sifuri: 0.307 na 0.310. Halafu warudi kwenye gramu, 307 na 310, na mizani iamue. Rudia kwa jozi tatu nyingine, kama 0.9 na 0.45 kwa kina cha sentimita, kabla ya kuwapa zoezi la daftari.

Grafu ichorwe Jumatano, vipimo vitano vikiwa tayari, cha sita kiongezwe kesho yake. Mhimili wa chini uwe wa saa, si wa majina ya siku. Wakiandika tu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nukta mbili za siku moja hugongana na usiku unapotea kwenye mchoro. Mstari hautakuwa mnyoofu: hulala bapa usiku, na kadiri maji yanavyozidi kuwa na chumvi, hupungua kwa kasi ndogo zaidi, kwa kuwa chumvi huyazuia maji kugeuka mvuke. Mtoto anayelazimisha nukta zake zikae kwenye mstari mnyoofu kwa rula anahitaji kuambiwa kwamba kipimo alichokiona ndicho kinachochorwa.

Sayansi na Hisabati huandikwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4, lakini majadiliano ya vikundi nayaacha yawe kwa Kiswahili. Mawazo huja haraka zaidi, na maneno ya Kiingereza huwekwa ubaoni baadaye. Kipindi kimoja cha Kiswahili cha Jumatano ni cha kuandika ripoti: vifaa, hatua, matokeo, maelezo, aya nne, maneno 120 hadi 150. Mtoto wa Mji wa Kale akisema "maji yawapungua" wakati wa mjadala simkatizi. Kwenye ripoti namwongoza aandike "yanapungua". Sayansi za Jamii nayo huingia hapo bila kulazimishwa, kwa ramani ya pwani: kaskazini mwa Malindi, Gongoni na Kurawa, kuna mashamba ya chumvi yanayofanya kazi ileile ya trei, kwa mabwawa mapana ambayo maji huhamishwa kutoka moja hadi lingine kadiri yanavyokolea. Swali la mikoko iliyokatwa kupisha mabwawa kama hayo linastahili dakika kumi za mjadala.

Alhamisi kwa kawaida trei zina chumvi, lakini haitakuwa kavu kama ya dukani. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, kwa hiyo kila trei inapaswa kutoa karibu gramu 11. Vikundi vitapata 14, hata 16. Zilizozidi ni maji. Chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, na chumvi za magnesi hunyonya unyevu wa hewa. Hewa ya pwani nayo ina unyevu mwingi. Ndiyo sababu fuwele hubaki zimelowa hata jua likiwaka. Usirekebishe namba. Waache wakokotoe tofauti kati ya walichopata na kilichotarajiwa, kisha waeleze imetoka wapi. Maelezo hayo yanapima uelewa kuliko swali lolote la kuchagua jibu. Ukitaka kumalizia kuikausha chumvi juu ya jiko, fanya mwenyewe, watoto wakae mbali, kwa sababu fuwele zikipata moto hupasuka na kuruka. Hakuna kuonja. Na maji ya kusafishia trei yasimwagwe kwenye mchicha wa Kilimo, maana mchicha huo utakufa.

Pembeni ya haya yote kuna kazi ndogo zisizobadilika. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza watoto sita husoma kwa sauti, dakika moja kila mmoja, nami nahesabu maneno waliyoyasoma sawasawa. Darasa zima huisha kwa siku tisa za shule. Usijaribu kuwasikiliza wote 54 siku moja. Wa mwisho husikilizwa juujuu. Kazi ya nyumbani isizidi dakika 20, kwani watoto wengi hutoka shule na kwenda madrasa, na daftari hufunguliwa usiku mtoto akiwa amechoka.

Ijumaa hukaa wepesi: jaribio la maswali matano ya desimali, kusahihishana, kisha grafu na ripoti kuingia kwenye mkoba wa kazi wa kila mtoto zikiwa na tarehe. Watakaokosea swali la kulinganisha desimali ndio kikundi changu cha Jumatatu, dakika 15, pamoja na lile jedwali.

Miaka hii Ramadhani huangukia muhula wa kwanza. Wiki hizo Hisabati na Sayansi huwekwa vipindi vitatu vya mwanzo, na kubeba trei kwenda juani hupewa wasiofunga. Masika yakianza, weka trei kabatini. Kazi ya wiki iwe jedwali la maji kujaa na kupwa: kati ya kujaa kumoja na kunakofuata ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele dakika 50 hivi kila siku. Wape nyakati za Jumatatu, watabiri za Alhamisi, walinganishe na jedwali halisi. Chagua wiki yenye mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida) liwe karibu, ili tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa ionekane wazi kwenye grafu.