Hakuna neno la bendi 9: kwa wanaojiandaa na mtihani wa IELTS

Msimu wa maombi ya vyuo vya nje umeanza, na malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kuhusu IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza ambao alama zake, ziitwazo bendi, huishia 9, yanafanana. Mtahiniwa amekariri mamia ya maneno magumu ya Kiingereza, ameyapanga kwenye insha, na alama ya kuandika imebaki 6 wakati chuo kinataka 6.5. Wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza nao wamo. Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na ni hiyo nusu alama inayowakwamisha. Wengi wanaamini wameonewa. Tunajua wamejiandaa kwa nia njema na kwa fedha zao, kwa hiyo tumeona tueleze wazi namna msamiati unavyopimwa na namna unavyojengwa.

Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Msamiati basi ni robo ya alama. Sehemu ya kuandika ina kazi mbili: ya pili, ile ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza ya maneno 150. Kwenye kigezo cha msamiati mtahini hapimi ugumu wa neno peke yake. Anatazama kama neno limetumika kwa maana yake, kama linaendana na majirani zake, kama linafaa kwa aina ya maandishi, na kama tahajia ni sahihi. Hili tunalirudia kila semina, na bado kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanauziana orodha za "maneno ya bendi 9". Neno la bendi 9 halipo. Anayekuuzia anakuuzia kitu ambacho mtahini hana mahali pa kukiandikia alama.

Ubaya wa orodha hizo uko kwenye umbo lake: neno la Kiingereza kushoto, neno moja la Kiswahili kulia. Chukua "notorious". Kulia pameandikwa "maarufu". Mtahiniwa anakwenda kuandika kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa "a notorious leader", naye amekusudia kumsifu. Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba Mwalimu alivuma kwa mabaya. Sasa lifungue neno hilohilo kwenye kamusi ya wanafunzi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza. Utakuta maelezo ya namna hii: "famous for something bad". Ni maneno manne, yote unayajua tangu sekondari, na hilo la mwisho ndilo lililoachwa kwenye orodha uliyonunua.

Watu wanaziogopa kamusi hizi kwa kudhani zimeandikwa kwa ajili ya Waingereza. Sivyo. Zimetungwa makusudi kwa anayejifunza. Kamusi ya Longman, tangu toleo lake la kwanza la 1978, hufafanua maneno yake kwa kutumia msamiati wa msingi wa takriban maneno 2,000 tu. Ile ya COBUILD, iliyotoka 1987, hutoa maana kwa sentensi nzima, kwa hiyo unaliona neno likiwa kazini. Aliyefaulu Kiingereza cha kidato cha nne anazisoma bila mkalimani. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ibaki mezani kwa kuhakikishia tu, si kwa kuanzia.

Hata hivyo maana peke yake haitoshi, na hapa ndipo wanaojitahidi sana wanapokosea. John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, waliotunga COBUILD, walikusanya maandishi mengi sana kwenye kompyuta wakaangalia kila neno linatembea na nani. Neno dogo kama "cause" mara nyingi linaambatana na mabaya: "damage", "problems", "death". Ukiandika "the new hospital caused happiness", sarufi haina kosa na maana inaeleweka, lakini sentensi inasikika vibaya. Nasi tuna mambo hayo. Tunasema mvua imesababisha vifo, lakini barabara imeleta maendeleo. Hakuna aliyetufundisha darasani. Kwa Kiingereza ujuzi huo unapatikana kwenye mifano iliyo chini ya maana, mistari ileile ambayo watahiniwa huiruka. Soma mifano. Tafadhali, soma mifano.

Swali linalofuata huwa ni maneno yapi. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma zinazojitokeza katika fani mbalimbali, kuanzia sheria hadi sayansi. Zinachukua karibu 10% ya maneno ya maandishi ya chuoni. Familia maana yake ni "analyse" pamoja na "analysis", "analyst" na "analytical", kama sisi tulivyo na soma, msomaji, somo na usomaji. Ukichukua familia tatu kwa siku, unamaliza kwa miezi sita na siku chache. Anayekuja kwetu wiki tatu kabla ya mtihani akitaka maneno 1,000 tunamjibu kwa heshima kwamba haiwezekani.

Kwa kila neno, soma maana, funga kamusi, iandike upya kwa Kiingereza chako mwenyewe. Ukishindwa, hujalielewa, fungua tena. Andika majirani wawili wa neno hilo, kisha sentensi moja inayohusu kazi yako au mtaa wako. Lirudie kesho, wiki ijayo na mwezi ujao. Muuguzi aliyeandika "The new drug mitigates the pain but does not cure the disease" kwa kichwa chake analimiliki neno "mitigate" kuliko aliyelikariri mara hamsini.

Kuhusu taratibu, tunaomba zisomwe kwa makini. Kamusi hairuhusiwi ndani ya chumba cha mtihani, iwe ya karatasi au ya simu. Kitambulisho kiwe kilekile ulichojisajilia. Maneno uliyoyanakili kutoka kwenye swali hayahesabiwi. Insha ya maneno 20 au pungufu inapata bendi 1. Ikithibitika kwamba jibu lote limekaririwa kutoka mahali fulani, insha hiyo hupewa 0, hata kama Kiingereza chake ni kizuri mno. Kwenye kusoma na kusikiliza, tahajia ikikosewa jibu limekosewa. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubaliwa. Swali likisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa, na hakuna rufaa itakayobadilisha hilo.

Rufaa yenyewe ipo na ni haki yako. Unaweza kuomba sehemu moja au zote zisahihishwe upya, ndani ya wiki sita tangu tarehe ya matokeo. Mtahini mwandamizi husahihisha bila kuona alama ya kwanza, na alama ikibadilika unarudishiwa ada. Kabla ya kulipa, kaa na mtu anayejua Kiingereza vizuri, mwandikie sentensi ulizozikumbuka kutoka kwenye insha yako, na fungueni pamoja maana ya kila neno ulilojivunia. Kama uliandika "notorious" ukimaanisha maarufu, tumia ada hiyo kununua kamusi. Kama maneno yamekaa sawa, leta ombi mapema, maana wiki sita zikipita halipokelewi.