Je, wajua nani huwasha taa za kiwanja kidogo cha ndege usiku?

Half Moon Bay ni kiwanja kidogo cha ndege kwenye pwani ya California, Marekani, mali ya Kaunti ya San Mateo. Kilijengwa mwaka 1942 kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1947 kikawa cha kaunti. Kina njia moja ya kurukia yenye urefu wa mita 1,500 hivi, na hakina mnara wa kuongozea ndege. Viwanja vya kaunti vya namna hii ni vingi Marekani, na usiku vingi havina mfanyakazi hata mmoja. Ndege ikija saa tano usiku, taa anawasha nani?

Kwa kawaida huziwasha rubani mwenyewe akiwa bado angani, kwa kitufe kile kile cha kuzungumzia redioni. Haneni neno. Huweka redio kwenye masafa ya kiwanja, mara nyingi megahezi 122.7, 122.8 au 123.0, kisha hubonyeza na kuachia haraka haraka. Akibonyeza mara 3 ndani ya sekunde 5, taa huwaka kwa mwanga hafifu; mara 5, mwanga wa wastani; mara 7, mkali kabisa. Kule chini kuna kipokezi kisichojali sauti. Kila kitufe kinapobonyezwa, redio ya ndege hurusha wimbi tupu, na kipokezi huhesabu limekuja na kukatika mara ngapi. Hesabu ikitimia, taa huwaka kwa dakika 15, kisha hujizima.

Anza na 7 kila mara. Taa zikishawaka zote kwa nguvu ni rahisi kuziona kutoka mbali, na ukikaribia unazipunguza ili zisikuumize macho. Mibofyo ya kivivu inayopita sekunde 5 haihesabiwi.

Kosa la hatari zaidi ni la muda. Ndege inayokwenda kilomita 185 kwa saa hukata kilomita 46 hivi kwa dakika 15, hivyo aliyewasha mapema mno anaweza kuzimikiwa na taa akiwa karibu kugusa ardhi. Kuna pia anayekuta zimeshawashwa na mwenzake, asijue zimebakiza dakika ngapi. Dawa ni moja: kabla ya kuigeukia njia ya kurukia ili utue, bofya tena, na dakika 15 zitaanza upya.

Upande wa umeme nao una ufundi wake. Taa nyeupe za kingo hupangwa zisizidi mita 61 kati ya moja na nyingine, kwa hiyo njia ya mita 1,500 huhitaji kama 50 kwa pande zote mbili. Zingeungwa sambamba kama za nyumbani, za mwisho wa waya mrefu zingefifia kwa kupungukiwa na volti. Ndiyo maana huungwa kwa mfuatano, na mtambo maalumu huhakikisha mkondo ule ule unapita katika zote: ampea 4.8 kwa mwanga hafifu, 5.5 kwa wastani, 6.6 kwa mkali. Lakini mfuatano una udhaifu unaojulikana, balbu moja ikiungua saketi nzima hukatika. Basi kila taa huwekewa transfoma yake ndogo. Balbu ikifa, mkondo huendelea kupita kwenye transfoma na taa nyingine hazina habari.

Ile taa kubwa inayozunguka, kijani na nyeupe, ni jambo jingine. Aghalabu huwashwa na kitambuzi cha mwanga giza linapoingia. Kuiona kunakuonyesha kiwanja kilipo tu; njia yenyewe inaweza kuwa gizani.

Ukibofya na kusiwake kitu, hakiki masafa kwanza, kisha sogea karibu, kwa sababu kilima huweza kuzuia wimbi. Zikigoma kabisa, usijaribu kutua kwa kubahatisha. Nenda kiwanja kingine. Sheria ya Marekani humtaka anayeruka usiku kwa kuona kwa macho apange mafuta ya kumfikisha aendako na akiba ya dakika 45 juu yake. Kabla ya kuondoka, soma matangazo rasmi ya kiwanja unachokwenda: taa zikiwa mbovu, huandikwa humo.