Roki ilipigwa Dar

Ukitaja roki kijiweni Dar, utaambiwa huo ni muziki wa Wazungu, wetu ni dansi na taarabu. Si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji hili lilikuwa na Sunburst, bendi ya wanamuziki wa Tanzania, Zaire na kwingineko, waliochanganya roki, fanki na midundo ya kwetu. Sikiliza gitaa: linakwaruza, linalia, kisha besi inaingia nawe huwezi kukaa kitini. Mbona hawakuvuma? Si kwa kukosa kipaji, hata kidogo. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Albamu yao, Ave Africa, ya mwaka 1976, ilirekodiwa Zambia. Kampuni ya Strut iliitoa upya 2016. Redio zetu ziipige.