Upepo wa jua na mwezi: yanayosemwa barazani Tanga

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi wa dagaa Tanga hupumzisha vyombo, kwa kuwa mbalamwezi hushinda taa zao. Siku hizo ndipo barazani husemwa kwamba mwezi ung'aao hivyo lazima unapigwa zaidi na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe ndogo zenye chaji ya umeme zitokazo kwenye jua. Kumbe ni kinyume. Upepo huo huukandamiza uga wa sumaku wa dunia na kuuvuta uwe mkia mrefu upande usioelekea jua. Mwezi mpevu hupita humo, na kwa siku kadhaa hukingwa na sehemu kubwa ya mkondo ule.

Wengine hudai upepo huo ndio uliopeperusha bendera ya Marekani kule mwezini. Hapana. Bendera ilishikiliwa na fimbo ya mlalo, ikatikisika iliposhikwa. Upepo wa jua, ambao hasa ni protoni (viini vya hidrojeni) na elektroni, huenda takriban kilomita 400 kwa sekunde, lakini karibu na dunia sentimita moja ya ujazo ina protoni kama 5 tu. Hewa ya ufukweni ina molekuli zaidi ya bilioni 20 mara bilioni katika nafasi hiyohiyo.

Basi hauna athari? Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mwezi hauna angahewa nzito wala uga wa sumaku wa jumla, kwa hiyo chembe hizo hugonga udongo moja kwa moja. Mwaka 1969 mwanaanga wa Marekani Buzz Aldrin alitundika huko karatasi ya alumini ya wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Kwa dakika 77 tu ilinasa heliamu na neoni za jua. Fikiria udongo uliokaa wazi miaka mabilioni! Punje zake huingiwa na hidrojeni, ambayo huungana na oksijeni ya madini, na polepole huwa nyeusi zaidi.

Wala udongo haumezi kila kitu, jambo lililowashangaza hata wataalamu. Chombo cha India, Chandrayaan-1, kilionyesha kuwa hadi karibu moja ya tano ya protoni hurudi angani zikiwa atomu za hidrojeni zisizo na chaji.

Tena si kila mwamba usio na hewa hupigwa sawa. Sayari ya Zebaki ina uga wake wa sumaku, dhaifu kama asilimia 1 ya ule wa dunia. Hata mwezini pana sehemu zenye sumaku, kama Reiner Gamma, zinazoukinga udongo kiasi, na udongo wake ni mweupe kuliko wa jirani.